Uvamizi wa Likoni 1997: Habari zilifika mapema, hatua zikachelewa

USIKU wa Jumatano, Agosti 13, 1997, kundi kubwa la vijana waliojihami kwa mapanga, pinde, mishale na bunduki chache lilivamia kituo kidogo cha polisi kivukoni Likoni, kisha likageukia kituo kikuu cha polisi cha mtaa huo. Kufikia mapambazuko, maafisa wa polisi wasiopungua sita walikuwa wameuawa, majengo ya serikali yalikuwa yameteketezwa, na zaidi ya bunduki 40 zilikuwa zimechukuliwa kutoka ghala la silaha pamoja na risasi zake.

Wavamizi hawakuishia kwa polisi. Walipita katika vibanda na nyumba za kupanga wakiwasaka watu wa bara: Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba waliokuja Pwani kutafuta kazi, wengine wao wakiwa wamezaa na kulea huko kwa miongo kadhaa. Waliopatikana walikatwa au kupigwa risasi, na mali zao kutiwa moto.

Katika majuma yaliyofuata, ghasia zilienea kutoka Likoni hadi wilaya ya Kwale, na mashambulizi mengine yakaripotiwa upande wa kaskazini mwa Mombasa. Zilipotulia mwishoni mwa mwaka, watu zaidi ya 100 walikuwa wamepoteza maisha na takriban 100,000 walikuwa wamehama makwao. Maelfu walijisitiri katika Kanisa Katoliki la Likoni, wakilala nje na kungoja lori au basi la kuwarudisha bara, ambako baadhi yao hawakuwa tena na shamba wala jamaa wa kuwapokea.

Miaka mingi baadaye, swali linaloulizwa Matuga, Ukunda na Msambweni si tu nani alipanga uvamizi huo. Wengi huuliza pia ilikuwaje jambo lililojulikana na watu wengi hivyo likaachwa litokee. Maana Likoni haikuvamiwa kwa siri. Vijana walikuwa wakikusanyika msituni kwa majuma kadhaa, wakila kiapo na kufanya mazoezi, na habari zao zilikuwa zimewafikia watu waliolipwa mshahara na serikali ili wazisikie.

Mahali palipotajwa zaidi ni Kaya Bombo, msitu ulioko Matuga, mwendo usio mrefu kutoka Likoni. Ndipo wavamizi walipopata jina lililowaandama hadi leo, "vijana wa Kaya Bombo".

Jina hilo liliwaudhi wazee wengi. Kwa mila za Wadigo na Wamijikenda wengine, kaya ni mahali pa dua na maziko ya wakubwa, si kambi ya vita. Misitu hiyo ina miiko yake: mti haukatwi ovyo, na mtu haingii kwa kiburi. Serikali yenyewe ilianza kuitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa, UNESCO, likaziingiza baadhi yake, ikiwemo Kaya Kinondo karibu na Diani, katika orodha ya turathi za dunia.

Walioandaa uvamizi waliichagua kaya kwa sababu ya heshima hiyo hiyo. Kijana aliyelishwa kiapo msituni aliambiwa kwamba risasi haitampata, na kwamba akifichua siri kiapo kitamwua. Kiapo kilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kumtia moyo na kumfunga mdomo. Wakufunzi, kwa mujibu wa maelezo ambayo washiriki wenyewe waliwapa baadaye wachunguzi wa shirika la Human Rights Watch, walikuwemo watu waliowahi kutumikia vikosi vya usalama.

Hata hivyo kiapo hakiwezi kuficha mamia ya vijana. Mama anajua mwanawe hakulala nyumbani. Mwenye duka anajua ni nani wanaonunua unga wa watu 50. Kule Kwale ambako kila kijiji kilikuwa na mzee wake, kila kata ndogo na naibu wa chifu na kila tarafa na afisa wake, ni vigumu kuamini kwamba habari hizo zilikwama chini ya mwembe. Na kweli hazikukwama.

Tume iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi, ambayo iliteuliwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilisikia ushahidi kwamba idara ya ujasusi na polisi wa Pwani walikuwa na taarifa za matayarisho hayo kabla ya Agosti 13. Majaji hao watatu, Akiwumi, Samuel Bosire na Sarah Ondeyo, waliwalaumu wakuu wa usalama kwa kushindwa kuzitumia.

Ili kuelewa jinsi habari inavyoweza kufika na isitende kazi, yafaa kukumbuka utaratibu wa enzi hizo. Chifu alimpasha habari mkuu wa tarafa, naye akampasha mkuu wa wilaya. Kando yao, makachero wa idara ambayo wananchi waliendelea kuiita Special Branch walipeleka taarifa zao kwa njia yao wenyewe. Njia hizo zilikutana katika kamati ya usalama ya wilaya na ile ya mkoa, ambako mkuu wa mkoa, mkuu wa polisi na mkuu wa ujasusi waliketi pamoja.

Kachero hakuwa na uwezo wa kumkamata mtu. Kazi yake iliishia kuandika. Polisi walikuwa na uwezo wa kukamata, lakini katika jambo lililonusa siasa walizoea kungoja neno kutoka juu. Mkuu wa mkoa aliteuliwa na Rais na alitumikia kwa radhi yake. Katika mwaka wa uchaguzi, afisa aliyesikia kwamba vijana wanaolishwa kiapo wana uhusiano na watu wa chama tawala alikuwa na sababu nzuri ya kuandika taarifa, kuiweka katika faili na kutofanya zaidi. Akikosea kwa kutotenda, lawama zingegawanywa kwa wengi. Akikosea kwa kutenda, angebeba mzigo peke yake.

Hiyo haiwi hoja ya kuwasamehe. Ni maelezo ya namna mfumo ulivyoweza kuwa na masikio makubwa na mikono mifupi.

Kulikuwa na onyo la zamani zaidi, nalo liliandikwa na Bunge lenyewe. Mapigano ya Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, yaliyoanza mwaka 1991 nchi ilipokuwa ikirejea katika vyama vingi, yaliua watu wapatao 1,500 na kuwafurusha wengine 300,000 kufikia mwaka 1993, kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu. Kamati ya Bunge ilichunguza chanzo na kutoa ripoti Septemba 1992, ikiwataja wanasiasa na maafisa waliohusishwa na uchochezi. Mwenyekiti wake alikuwa Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Likoni. Bunge liliikataa ripoti hiyo.

Hivyo miaka mitano kabla ya Likoni, ramani ilikuwa tayari mezani: wavamizi wa eneo wanaowalenga waliohesabiwa kuwa wageni, katika majimbo ambayo kura za wageni zingeweza kubadilisha matokeo, na polisi wanaofika baada ya moshi. Mombasa yenyewe ilikuwa imeonja. Mwaka 1993 vijana wa chama cha Islamic Party of Kenya, kilichonyimwa usajili, walikabiliana barabarani na kundi lililojiita United Muslims of Africa, ambalo lilionekana wazi kupata baraka za wakubwa wa KANU. Baadhi ya majina yaliyosikika katika kundi hilo yalisikika tena mwaka 1997.

Mwaka huo wenyewe ulikuwa wa joto. Julai 7, siku ya Saba Saba, polisi walivunja kwa nguvu maandamano ya kudai mageuzi ya katiba, na watu kadhaa wakafa. Rais Daniel arap Moi alikuwa akitafuta muhula wake wa mwisho. Sheria ilimtaka mshindi kupata, pamoja na wingi wa kura, angalau asilimia 25 katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Pwani haikuwa mkoa wa kuchezea, na maeneobunge ya Mombasa yenye wapigakura wengi wa bara yalikuwa yamewapa upinzani nguvu mwaka 1992.

Mpigakura aliyejiandikisha Likoni angeweza kupiga kura Likoni tu. Akifukuzwa hadi Kisumu au Machakos, kura yake ilibaki ufuoni. Na kitambulisho kikiungua ndani ya nyumba, hata akirudi hana la kuonyesha.

Maonyo yalikuwapo kabla ya usiku ule, na usiku wenyewe una maswali yake. Likoni si kijiji cha mbali. Kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko papo hapo, na makao makuu ya polisi wa mkoa yalikuwa kisiwani Mombasa, dakika chache kwa feri. Bado wavamizi walipata muda wa kuvunja ghala la silaha, kuchoma, kuua na kuondoka. Misako iliyofanywa baadaye msituni ilichelewa na kukatizwa, kiasi cha kuwafanya hata walioishi humo washangae.

Polisi na wanajeshi walipoanza kutumia nguvu, uzito wake uliwaangukia wanavijiji. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika visa vya Wadigo waliokamatwa bila sababu, kupigwa na kuteswa, na vya wanawake waliodhulumiwa. Wanaume walilala vichakani kwa kuogopa waliovaa sare. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka 1997 katika Kwale ni mbili. Kuna ya mtu wa bara aliyekimbia akiwa na mtoto mgongoni, na kuna ya Mdigo aliyekamatwa kwa sababu ya kabila lake. Ni mara chache kumbukumbu hizo mbili husimuliwa katika kikao kimoja.

Watu walipokosa jibu la serikali, walijitafutia lao. Nadharia zilizobaki ni kadhaa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza na yenye nguvu zaidi inasema kwamba uvamizi ulipangwa au angalau kufadhiliwa na wanasiasa wa KANU ili kuwaondoa wapigakura wa bara. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali, ilielekea huko katika ripoti zake za 1997 na 1998, na Human Rights Watch ikafanya hivyo katika ripoti yake ya Mei 2002 iliyotokana na mahojiano na wavamizi wenyewe. Emmanuel Karisa Maitha, aliyekuwa mwanasiasa wa KANU, alikamatwa kuhusiana na ghasia hizo, akaachiliwa, akahamia chama cha DP na kushinda kiti cha Kisauni Desemba 1997. Alipofika mbele ya Tume ya Akiwumi, aliwanyooshea kidole wakubwa wa chama alichotoka. Mwaka 2003 akawa waziri, na akafariki Agosti 2004 akiwa safarini Ujerumani.

Ushahidi wa mtu mwenye historia ya namna hiyo lazima upimwe kwa uangalifu, kwani alikuwa na maslahi katika kila upande aliosimama. Lakini hakuwa shahidi peke yake, na mambo mengi aliyosema yaliwiana na yale vijana walioishi msituni walieleza kwa nyakati tofauti.

Matokeo ya Likoni yenyewe yanaitia nadharia hiyo kasoro ndogo. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1997, kiti hicho hakikwenda kwa KANU. Kilichukuliwa na Suleiman Shakombo wa Shirikisho Party of Kenya, chama kichanga kilichohubiri majimbo, nacho hakikupata kiti kingine chochote nchini. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 40 ya kura na kupata kiwango alichohitaji mikoani. Ikiwa lengo lilikuwa kupunguza kura za bara, lilifikiwa. Ikiwa lilikuwa kuipa KANU kila kiti, basi moto ulimponyoka aliyeuwasha.

Nadharia ya pili inawaweka vijana wenyewe mbele. Inasema kwamba hawakuwa vibaraka: walikuwa na kilio cha ardhi, kazi na elimu, na wakaamua kujichukulia sheria mikononi. Nayo ina msingi. Tangu mkataba wa 1895 uliouweka ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar chini ya usimamizi wa Waingereza, na sheria ya hatimiliki ya 1908 iliyofuata, Wamijikenda wengi walijikuta wakiitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Uhuru haukurekebisha hilo. Viwanja vya ufuoni Diani viligawiwa wenye nafasi serikalini, hoteli zikapanda, na hata sehemu za misitu ya kaya, kama kule Diani na kisiwa cha Chale, zikamegwa.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, tegemeo la familia nyingi za Msambweni, kilifungwa mwaka 1988. Kijana aliyezaliwa Kwale alitazama kazi za hoteli, za bandari na hata za feri zikienda kwa watu wa bara. Mwanasiasa aliyekuja na neno "majimbo" hakuhitaji kusema mengi. Vijana walielewa kwamba wageni wakiondoka, ardhi na kazi zitabaki.

Wavamizi waliohojiwa baadaye waliungana katika jambo moja. Walidhani wanapigania haki yao, na walipogundua kwamba waliowaahidi msaada wanataka wanyamaze kwa sababu uchaguzi umekaribia, walihisi wametumiwa. Kwa hiyo nadharia hizi mbili hazipingani kama inavyodhaniwa. Kuni zilikuwa kavu kwa miaka mingi, na aliyeleta kiberiti hakuzikata yeye.

Nadharia ya tatu inataja wageni. Kulikuwa na madai kwamba watu kutoka Rwanda, mabaki ya wanamgambo waliokimbia baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Baadhi ya mashahidi walieleza kuwaona watu ambao lugha yao haikueleweka. Hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kuupima ushahidi huo, na hata ukiwa wa kweli hauelezi ni nani aliyewaleta. Dai la mgeni asiyejulikana lina faida moja kubwa kwa wenyeji wote, wa serikalini na wa kijijini: halimgusi jirani.

Wapo pia wanaoiweka Likoni katika mnyororo mmoja na mashambulizi ya kidini yaliyofuata. Hilo ndilo dhaifu kuliko yote. Karibu mwaka mmoja kamili baadaye, Agosti 7, 1998, bomu la al-Qaeda liliua watu 213 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na neno "ugaidi" likapata sura mpya nchini. Katika kesi ya bomu hilo iliyosikizwa New York mwaka 2001, ilithibitika kwamba baadhi ya wahusika waliishi na kuoa Pwani. Kutokana na hayo, wengine wamerudi nyuma na kuisoma Likoni upya. Lakini vijana wa Kaya Bombo hawakudai dola ya kidini. Waliapa kwa mizimu ya msitu, jambo ambalo wafuasi wa Osama bin Laden wangelihesabu kuwa kufuru.

Je, Likoni ulikuwa ugaidi? Mwaka 1997 magazeti yaliandika mapigano ya kikabila, na Kenya haikuwa na sheria mahususi ya kuzuia ugaidi hadi mwaka 2012. Raia waliuawa ili kuwatia wengine hofu na kuwalazimisha wahame kwa sababu za kisiasa. Msomaji anaweza kuamua mwenyewe jina linalofaa, ila ni dhahiri kwamba jina "mapigano" liliwafaa wengi. Mapigano huwa na pande mbili, na pakiwa na pande mbili hakuna anayetafutwa.

Kilichozipa nadharia zote hizi maisha marefu si ubishi wa watu wa Pwani. Ni namna serikali ilivyoshughulikia ukweli ilioutafuta yenyewe.

Mamia ya watu walikamatwa, wengi wao vijana wa vijijini, na kesi nyingi zikaporomoka kwa kukosa ushahidi. Tume ya Akiwumi ilianza kazi, kisha wakili aliyekuwa akiisaidia kuwahoji mashahidi akaondolewa katikati ya safari na nafasi yake kupewa kiongozi wa mashtaka ya serikali. Majaji walikabidhi ripoti mwaka 1999. Ikakaa. Mashirika ya kiraia yalidai itolewe, Bunge likauliza, na bado ikakaa kwa miaka mitatu.

Ilitolewa Oktoba 2002, muhula wa Rais Moi ukikaribia kumalizika, nayo ikaambatanishwa na maelezo ya serikali yaliyoipinga. Ilipendekeza watu kadhaa wachunguzwe zaidi, wakiwemo wenye vyeo. Mwezi uliofuata, Novemba 28, gari lililosheheni mabomu lililipuliwa katika hoteli ya Paradise, Kikambala, na makombora mawili yakakosa ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Wakenya kumi na Waisraeli watatu walikufa hotelini. Hapo pia tahadhari ilikuwa imetolewa: Australia ilikuwa imewaonya raia wake kuhusu Mombasa mapema mwezi huo huo. Halafu ukaja uchaguzi wa Desemba 27, shangwe za NARC zikatanda, na ripoti ya Akiwumi ikasahauliwa.

Hoteli za pwani ya kusini zililipa gharama mara mbili. Baada ya Agosti 1997 watalii walivunja safari zao, baadhi ya hoteli za Diani zikafungwa na wafanyakazi kupelekwa likizo isiyo na malipo. Waliopoteza kazi hizo walikuwa wa bara na wa Pwani pia. Mvua za El Nino zilizofuata mwishoni mwa mwaka ziliharibu barabara na kumalizia kilichosalia.

Malalamiko yaliyowapeleka vijana msituni yalijitafutia mlango mwingine. Kundi la Mombasa Republican Council lilianza mwaka 1999 na kuvuma miaka kumi baadaye kwa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya". Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Oktoba mwaka huo kiongozi wake, Omar Mwamnuadzi, alikamatwa Kombani, mwendo mfupi kutoka ilipo Kaya Bombo. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 4, 2013, maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Wakuu wa usalama walilinyooshea kidole kundi hilo, nalo likakana.

Kuhusu maonyo yasiyosikika, Likoni ilipata ndugu wengi. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilieleza kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imeiona hatari na kuitabiri, lakini vyombo vya kuzuia havikujiandaa ipasavyo. Mpeketoni iliposhambuliwa Juni 2014, na zaidi ya watu 60 kuuawa kwa siku mbili, maswali yalikuwa yale yale ya kuchelewa kwa polisi, huku al-Shabaab likidai kuhusika na serikali ikitaja mitandao ya kisiasa ya humo nchini. Lugha ya mwaka 1997 ilirejea karibu neno kwa neno.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Pwani mwaka 2012 na kuwasikiliza wananchi kuhusu ardhi na ghasia. Ripoti yake ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 21, 2013, na kabla mwaka haujaisha sheria ikabadilishwa ili utekelezaji utegemee uamuzi wa Bunge. Likoni imo humo, kama ilivyomo katika ripoti ya Akiwumi na katika zile za mashirika ya haki za binadamu.

Waliotajwa katika kurasa hizo ni wengi, na baadhi yao wamekwisha kuaga dunia. Kati ya wakubwa, wa siasa na wa usalama, ambao tume ilisema wachunguzwe zaidi, hakuna aliyepatikana na hatia mahakamani kwa yaliyotokea Likoni.